Kujenga mfano wa boti ya Sese kwa skeli ya 1:20

Anayetaka kuanza kujenga mifano ya vyombo vya majini hapa Uganda hana haja ya kusubiri boksi la vipande kutoka ng'ambo. Chombo kizuri cha kujifunzia kimevutwa mchangani pale Ggaba, Kasenyi, Katosi, Kiyindi na Masese: boti ya Sese, ya mbao, yenye mkuku chini (boriti iliyo uti wa mgongo wake), mbavu ndani na tezi, yaani upande wa nyuma, iliyokatwa kwa ajili ya injini. Umbo lake lina mistari michache, lakini ukikosea mmoja jicho huuona mara moja. Unaweza kuigusa, kuipima, na kuirudia wiki ijayo ukigundua umesahau kipimo. Hakuna mchoro wa dukani unaokupa nafasi hiyo.

Mwongozo huu unalenga mfano unaoelea na kusimama vizuri majini, si pambo la kabatini. Sharti hilo moja hubadilisha kila uamuzi: unene wa mbao, aina ya gundi, hata kiasi cha rangi.

Skeli na uzito

Boti tunayoitumia kama kielelezo ina urefu wa futi 28, yaani karibu mita 8.5, upana wa mita 1.6 katikati, na kina cha sentimita 70 kutoka ukingo wa juu hadi mkuku. Kwa skeli ya 1:20, yaani sentimita 20 za boti ni sentimita moja ya mfano, mfano unakuwa na urefu wa sentimita 42.5, upana wa sentimita 8 na kina cha sentimita 3.5. Vidole vinafika ndani, na vitu vidogo kama vichwa vya misumari bado vinaonekana. Ukishuka hadi 1:50, ubao wa inchi moja unabaki nusu milimita, nao unavunjika ukiutazama. Ukipanda hadi 1:10 unahitaji meza nzima na mbao mara nyingi zaidi.

Wengi hupotea kwenye uzito. Urefu hugawanywa kwa 20, lakini uzito hugawanywa kwa 20 mara tatu, yaani kwa 8,000. Boti halisi ikiwa na kilo 880 pamoja na injini na mizigo kidogo, mfano wake lazima uwe na gramu 110 ili uzame majini hadi mstari uleule. Ukiwa na gramu 200 utakaa chini kama boti iliyopakia kupita kiasi. Ukiwa na gramu 60 utaelea juujuu na kuyumba. Andika namba hiyo ya gramu 110 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha pima kila kipande kwenye mizani ndogo ya jikoni kabla ya kukigundisha.

Kupima mwaloni

Nenda mwaloni, pale boti zinapotia nanga, siku ambayo zimepandishwa kwa matengenezo, uombe ruhusa kwa mwenye boti, na uwe na mwenzako wa kushika upande wa pili wa tepu. Toa salamu na ueleze unachofanya kabla ya kufungua tepu. Tangu jeshi lianze kusimamia kanuni za uvuvi mwaka 2017, urefu wa boti si jambo la mzaha kwenye Ziwa Victoria, na mtu anayepima kimyakimya hudhaniwa kuwa mkaguzi.

Beba tepu ya mita 10, uzi wa mwashi, fimbo nyoofu ya mita 2.5, pimamaji, timazi, penseli na daftari la miraba. Boti ikiwa imelala upande, iegemeze kwa mawe au magogo mpaka fimbo uliyoilaza juu ya kingo mbili isome sawa kwenye pimamaji. Usiruke hatua hii. Boti iliyoinama hata kidogo itakupa upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, nawe utakuja kuligundua kosa ukiwa na gundi mkononi.

Funga uzi kutoka ncha ya omo, yaani mbele ya boti, hadi katikati ya ubao wa tezi, uvutike kabisa. Ugawe urefu wake mara kumi, kila sentimita 85, na uweke alama za chaki kwenye ukingo. Hivyo ndivyo vituo vyako: 0 kwenye omo, 10 kwenye tezi. Katika vituo 1 hadi 9, laza fimbo ikikatiza boti, katikati yake ikiwa chini ya uzi. Andika umbali kutoka uzi hadi fimbo, upana wa boti chini ya fimbo, na kina kutoka fimbo hadi uso wa juu wa mkuku.

Kisha umbo la nje. Ning'iniza timazi kwenye fimbo, mita moja kamili kutoka katikati. Kwa rula iliyolala sawa, pima umbali kutoka uzi wa timazi hadi kila kiungio cha mbao, na uandike kiungio hicho kiko chini ya fimbo kwa sentimita ngapi. Boti nyingi za aina hii zina mbao tatu pana kila upande, kwa hiyo kila kituo kina nukta nne: ukingo wa juu, viungio viwili, na pale ubao wa chini unapokutana na mkuku. Umbali wa sentimita 32 kutoka timazi maana yake ni nusu-upana wa sentimita 68 mahali hapo.

Pima upande mmoja tu. Kwenye kituo cha 5 hakiki na upande wa pili, na usishtuke ukikuta tofauti ya sentimita mbili au tatu. Boti hizi hujengwa kwa jicho na mkono, na mfano wako utachukua upande mmoja na kuurudia. Piga picha za karibu ukiwa umeweka rula kando: maungio ya mkuku na omo, viti, pembe za ubao wa tezi, vipande vya bati juu ya viungio.

Mchoro

Chora kwa ukubwa wa mfano wenyewe kwenye karatasi ya miraba ya milimita: boti ikionekana ubavuni, ikionekana kutoka juu, na vipande vya mkato vya vituo tisa vikiwa vimepangwa juu ya mstari mmoja wa katikati. Ukipenda kuchora kwa kompyuta au kukuza mchoro, wachapaji wa Nasser Road pale Kampala watakutolea kwenye karatasi kubwa.

Sasa chukua ufito mwembamba wa mwanzi, upana wa milimita 3, uupitishe kwenye nukta za ukingo wa juu na uubane kwa pini. Ufito wenyewe utakuambia ukweli. Nukta ikibaki nje ya mkunjo kwa milimita moja, ni kosa la sentimita mbili kwenye boti halisi, na karibu kila mara ni kosa la kupima. Uamini ufito, sogeza nukta. Fanya hivyo kwa viungio vyote. Kazi hii huchosha, lakini hapa ndipo mfano unakuwa boti au unabaki sanduku lenye ncha. Mkunjo uliovunjika kwenye karatasi hauponi kwa msasa baadaye.

Kosa moja la mchoro linastahili kusemwa peke yake. Umepima nje ya mbao, lakini fremu hukaa ndani ya mbao. Punguza milimita 1.5 kuzunguka kila mkato kabla ya kukata fremu. Asiyepunguza hupata boti yenye upana wa sentimita 8.3 badala ya 8, na ubao wa tezi ambao haukutani na chochote.

Mbao

Mabaki ya mbao yapo tele Ndeeba, kwa wauza mbao wa Kampala. Musizi ndio chaguo letu la kwanza: mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, haupasuki ovyo ukikatwa mwembamba. Paini inafaa ukiepuka vifundo na utomvu. Mvule ni mti wa heshima, lakini kwa ubao wa milimita 1.5 ni mgumu kupinda na mzito. Utumie kwa mkuku tu, na uvae barakoa, kwani vumbi lake huwasha macho na kifua.

Mwombe fundi mwenye msumeno wa meza akupasulie vipande kumi na viwili vya unene wa milimita 2, upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 50. Sita ni vya ubavu wa boti, vingine ni vya viti, na vya kuharibika, maana vitaharibika. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo au kigae na uvisugue mpaka vifike milimita 1.5. Fremu zitoke kwenye plaiwudi ya milimita 3. Ongeza vibanio vya nguo thelathini hivi, pini, wembe, msumeno wa meno madogo, na tyubu kuukuu ya baiskeli uliyoikata kuwa kanda za kubania.

Gundi nyeupe ya seremala ndiyo itakayofanya kazi kubwa, lakini si kila gundi nyeupe huvumilia maji. Gundisha vipande viwili vya mabaki, viache siku nzima, kisha vizamishe kwenye maji siku nyingine nzima. Vikiachana kwa mkono, gundi hiyo ni ya samani. Supaglu tumia kwa vitu vidogo tu: hushika haraka, lakini ni kavu kama kioo na huachia boti ikigongwa.

Kujenga kichwa chini

Tafuta ubao mzito ulionyooka, sentimita 60 kwa 15, unene wa sentimita 2 au zaidi. Uhakiki kwa uzi. Chora mstari wa katikati na mistari tisa ya kuukatiza, kila sentimita 4.25. Kila fremu inakatwa ikiwa na mguu unaopita ukingo wa boti, na ncha ya mguu iwe sentimita 7 kutoka mstari wa chini wa mkuku kwa fremu zote. Ukizisimamisha juu chini, mkuku utalala juu yake kwa mnyooko sahihi bila kubahatisha.

Paka nta ya mshumaa kwenye kingo za fremu zote, au uzifunike kwa selotepu. Fremu hizi zitatoka baadaye. Gundi ikizishika, utavunja mbao ukizing'oa.

Mkuku una unene wa milimita 5 na kimo cha milimita 8. Omo ni kipande cha pili, kinachoungwa na mkuku kwa mlazo mrefu, yaani ncha mbili zilizokatwa mshazari na kulaliana: kwa kimo cha milimita 8, mlazo uwe na urefu wa milimita 60 hivi. Kiungio kifupi hufunguka mara tu mbao zinapoanza kuvuta. Chonga mfuo, yaani mfereji mwembamba, wa kina cha milimita 1.5 pande zote mbili za mkuku na omo, mahali ambapo mbao zitakaa. Ubao wa tezi ukate kwa unene wa milimita 3, uulaze nyuma digrii 12 hivi ili injini ining'inie wima.

Kabla ya ubao wa kwanza, pitisha ufito wako juu ya fremu zote na uangalie kama unagusa kila moja kwa upana wote wa ukingo wake. Fremu za mbele na nyuma lazima zichongwe mshazari, la sivyo ubao utagusa kona tu. Fremu ikiwa chini, ongeza kipande cha karatasi ngumu. Ikiwa juu, piga msasa.

Mbao za ubavuni

Usikate ubao kwa kukisia. Laza karatasi ngumu juu ya fremu, ifuate mkunjo bila kuilazimisha, weka alama za viungio kwa kila fremu, kata, jaribu tena. Karatasi ikikaa vizuri, ihamishie kwenye mbao na ukate mbili pamoja, ya kulia na ya kushoto. Ubao halisi wa boti hii si mstatili; ukiulaza mezani utaona umepinda kama ndizi, na mwenye kutaka kutumia vipande vilivyonyooka hupambana na mapengo mpaka mwisho.

Omoni ndiko kwenye mkunjo mkali. Chovya theluthi ya mbele ya ubao kwenye maji yaliyochemka kwa dakika 15, uubane kwenye fremu bila gundi, uuache ukauke usiku kucha. Gundisha ukiwa mkavu tu. Ubao wenye maji hunywea ukikauka na kufungua kiungio ulichokifunga vizuri jana.

Anza na ubao wa chini, ule wa kando ya mkuku. Kulia, kisha kushoto, kisha kulia: usimalize upande mmoja kabla ya mwingine. Mbao za upande mmoja huuvuta mkuku, nao ukishapinda haurudi. Kingo za mbao mbili zinazokutana zichonge mshazari kidogo ili zigusane ndani na nje. Bana kwa pini na kanda za tyubu, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu, na usiguse kwa saa kadhaa. Msimu wa mvua, subiri hadi kesho.

Mbao zote zikishakauka kwa siku nzima, kata miguu ya fremu, geuza boti, na uzitoe fremu moja moja ukianzia katikati. Boti sasa ni laini na hupanuka yenyewe, kwa hiyo weka vijiti vitatu vya muda vya kushikilia upana mpaka mbavu ziingie.

Mbavu, viti na mabati

Kila ubavu una vipande vitatu, kama kwenye boti halisi: kimoja chini juu ya mkuku na viwili vinavyopanda pembeni, upana wa milimita 2.5 na kimo cha milimita 4. Weka ubavu mmoja kila sentimita 2.5 hadi 3, ukifuata picha zako. Kisha ukanda wa ukingo wa juu, ndani na nje, halafu viti.

Mafundi wa ziwani huziba viungio kwa pamba, kisha hupigilia vipande virefu vya bati juu yake. Ni alama ya boti hizi, na mfano usio nayo hauonekani kuwa wa hapa. Kata kopo la soda kwa mkasi, ulinyooshe kwa kusugua mgongo wa kijiko, ukate kanda za upana wa milimita 2. Laza kila ukanda juu ya kipande cha mpira, upande wa rangi ukikutazama, na uudonoe kwa kalamu iliyoisha wino, kila milimita 3, bila kuutoboa. Ukiugeuza utaona safu ya vichwa vya misumari. Sugua nyuma kwa msasa ili gundi ishike, paka epoksi kidogo kwa ncha ya njiti, ubonyeze juu ya kiungio. Ukingo wa kopo hukata kama wembe. Vaa glavu wakati wa kulifungua. Ndani, pitisha uzi wa pamba uliochovywa kwenye gundi pale tu palipo na pengo.

Rangi haihitaji maneno mengi. Vanishi iliyolainishwa nusu kwa nusu na thina, ndani na nje, mara mbili, msasa namba 320 katikati. Kisha rangi ya mafuta kwa tabaka nyembamba. Rangi nene hufukia vichwa vya misumari na huongeza gramu ulizozihesabu. Jina la boti liandikwe kwa brashi na mkono, lisiwe limenyooka mno.

Majini

Boti tupu ya musizi hutoka na gramu 60 hadi 75. Gramu zinazobaki kufikia 110 ni za injini ndogo ya kuchonga, nyavu, na uzito wa kuituliza. Risasi za nyavu zinazouzwa mialoni zinafaa sana. Nawa mikono baada ya kuzishika, na usiziyeyushe nyumbani. Zigundishe chini kabisa, juu ya mkuku, chini ya mbao za kukanyagia.

Jaribu kwenye beseni. Ikiinama upande, sogeza uzito kwa milimita, si kwa kukisia. Kisha ukandamize ukingo mmoja mpaka ukaribie maji na uachilie: irudi haraka na kutulia. Ikirudi polepole, au ikasita njiani, uzito uko juu mno. Iache saa moja, uitoe na kuipima tena. Ikiongezeka zaidi ya gramu moja au mbili inakunywa maji, na mara nyingi tundu liko pale ubao unapokutana na omo. Ukitaka kuipeleka ziwani, iachie ukiwa kwenye gati au juu ya boti. Maji ya kina kifupi yenye majani kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert yana kichocho, na si ya kusimama ndani kwa ajili ya mchezo.

Ukihamia kwenye meli

Wengi baada ya boti hutamani kivuko, kama MV Kalangala inayokwenda kati ya Nakiwogo na Lutoboka. Kwa skeli ya 1:100 hesabu ni rahisi: uzito hugawanywa kwa milioni moja, kwa hiyo kila tani ya meli ni gramu moja ya mfano. Meli ya tani 300 inakupa gramu 300 kwa kila kitu. Chonga mwili wake kwenye ambachi, ule mti mwepesi wa kandokando ya ziwa ambao wavuvi hutumia kwa maboya. Ukaushe wiki kadhaa kivulini, uchonge kwa kisu chenye makali mapya maana kisu butu huubonyeza badala ya kuukata, kisha uufunike kwa epoksi kabla ya rangi, kwa sababu hunyonya maji. Vyumba vya juu vijenge kwa karatasi ngumu iliyopakwa vanishi, kamwe si kwa plaiwudi. Vipime peke yake: vikizidi robo ya uzito wote, punguza unene wa karatasi kabla ya kuvipandisha juu ya sitaha.